Mgongo wa mwandishi wa programu na gunia la Muthurwa

Nianze na lawama, maana leo nimeamka nazo.

Sisi tunaoandika programu tuna ugonjwa mmoja: kila tatizo tunalitafutia kitu cha kununua. Kompyuta ikienda polepole tunanunua kumbukumbu ya ziada. Macho yakichoka tunanunua miwani. Kiuno kikianza kuuma tunanunua kiti, na jamani, viti vya ofisi vimepanda bei! Kuna viti hapa Nairobi ambavyo bei yake inakaribia ya pikipiki ya boda boda, tofauti ni kwamba pikipiki itakuletea pesa jioni. Kiti kikishindwa tunanunua mkanda wa kufunga kiunoni. Mkanda nao ukishindwa, ndipo anapotokea mtu wa kutuambia habari za "kiini".

Kiini ni nini? Wakufunzi wa mazoezi wanalitumia neno hilo kwa misuli inayozunguka shina la mwili: ya tumbo, ya ubavuni, ile mifupi inayoshikilia pingili za uti wa mgongo, kiwambo kilicho chini ya mapafu, misuli ya sakafu ya nyonga, na wengine huongeza ya makalio. Hadithi inayouzwa pamoja na neno hilo ni hii: umekaa mno, kiini chako kimelegea, mgongo wako umekosa nguzo, ndiyo sababu unauma. Kaza kiini, maumivu yataondoka.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili asiyekubaliana nami ajue pa kuanzia kunishambulia. Mazoezi yenyewe ni mazuri. Nayafanya na nitayaeleza hapa chini. Lakini hadithi yake ina makosa, na makosa yake yanaumiza watu, kwa sababu yanamfanya mtu mzima mwenye afya aamini kuwa anatembea na uti wa mgongo wa glasi.

Suala hili si dogo. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la The Lancet Rheumatology ulikadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na kwamba kufikia 2050 watakuwa milioni 843. Hakuna ugonjwa mwingine unaowafanya watu waishi miaka mingi zaidi katika hali ya kutojiweza. Malaria inaua, ukimwi umeua, lakini kiuno kinakaa nawe.

Sasa, kila nikiyataja haya mbele ya watu wa rika langu, hakosekani mmoja wa kusema: "Wacha hizo bwana. Nenda Muthurwa uone wanaume wanavyobeba magunia kutwa nzima. Umewahi kusikia hamali akilalamikia kiuno? Nyinyi wa ofisini mmelegea tu."

Kwa msomaji asiyeijua Nairobi: Muthurwa ni mtaa wa zamani uliojengewa wafanyakazi wa reli, pale Haile Selassie inapoishia na Landhies na Jogoo Road zinapoanzia, ukitoka katikati ya jiji kuelekea Eastlands. Tangu 2008 kuna soko kubwa hapo, lililofunguliwa kwa ajili ya wachuuzi waliokuwa wakiuza bidhaa katikati ya jiji, na kando ya soko kuna kituo cha matatu za Eastlands. Soko la Wakulima, ambalo wengi tunaliita Marikiti, liko karibu. Gikomba nayo si mbali. Kwa hiyo ukishuka matatu asubuhi pale, mizigo ndiyo yenye barabara. Viazi, vitunguu, kabeji, mabunda ya mitumba, vyote vinapita juu ya mabega ya watu au kwenye mikokoteni, na wewe na mkoba wako wa kompyuta unatakiwa kupisha. Ukichelewa kupisha utaambiwa, tena si kwa lugha ya adabu.

Hoja ya "nenda Muthurwa" inavutia sana, na ndiyo maana inafaa kujibiwa vizuri. Unapokwenda pale unawaona nani? Unawaona walio kazini leo. Hamali ambaye mgongo ulimkataa mwaka juzi hayupo sokoni. Yuko nyumbani, au amerudi mashambani, au anauza njugu mahali ambapo hutamwona. Ni sawa na mtu anayepima ubora wa seva zake kwa kuhesabu zile zinazojibu tu, halafu anaandika ripoti kwamba zote zinafanya kazi. Zilizokufa hazijibu! Tena tazama umri wa wanaobeba. Ni wachache sana wenye mvi. Wazee wa kazi ile wamekwenda wapi?

Na kule kulalamika, nani atamlalamikia nani? Mimi kiuno kikiuma naweza kumwambia meneja wangu kwamba leo nafanyia kazi nyumbani. Anayelipwa kwa gunia, asiposhika gunia hali. Kimya chake kina sababu nyingine kabisa.

Kuna toleo la kisomi la hoja hiyohiyo, nalo limetoka hapahapa kwetu. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Profesa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake kutoka nje. Waliwapima wanawake wa Kiluo, ambao hubeba kichwani, na wa Kikuyu, ambao hubeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Walipima oksijeni waliyoitumia wakitembea. Wakakuta jambo la ajabu: mwanamke aliyezoea aliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili wake bila kutumia nguvu ya ziada hata kidogo kuliko akitembea mikono mitupu. Mwaka 1995 kundi hilo, safari hii kazi ikiongozwa na Norman Heglund, likaeleza sababu: wanawake wale hutembea kama pendulamu iliyotengenezwa kwa ustadi, nguvu inayopotea katika kila hatua ya mtu wa kawaida wao wanaiokoa.

Mimi naupenda sana utafiti ule. Ni uhandisi safi, na umefanywa na mama zetu bila kitabu. Lakini usome unachosema. Unazungumzia nishati, hauzungumzii maumivu. Na asilimia 20 ya mtu wa kilo 60 ni kilo 12. Gunia la viazi si kilo 12. Tangazo la kisheria la mwaka 2005 liliweka gunia la viazi kuwa kilo 110, na wafanyabiashara wakaendelea kulishonea "kofia" juu, ile inayoitwa lumbesa, likapita hapo. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 linasema mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55 kwa mkono. Yaani gunia halali lilikuwa mara mbili ya mzigo huo, kabla ya kofia. Mwaka 2019 kanuni mpya za viazi zilishusha kipimo hadi kilo 50. Nitarudi kwenye kanuni hizo.

Kwa hiyo Muthurwa haithibitishi kwamba kubeba kunaponya kiuno. Lakini pia (na hapa ndipo wauzaji wa viti wataninunia) haithibitishwi kwamba kiti ndicho kinachokiua. Mwaka 2010 watafiti wa Kanada, Darren Roffey na wenzake, walikusanya tafiti kuhusu kukaa kazini na maumivu ya mgongo wa chini. Hitimisho lao lilikuwa kwamba haielekei kukaa peke yake kuwa chanzo. Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi kule Tanzania, ambao bado wako wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya chakula, walipimwa kwa vifaa vilivyofungwa mapajani, na matokeo yakachapishwa 2020: hupumzika karibu saa 10 kwa siku. Saa 10! Hiyo ni kama sisi. Tofauti ni namna. Sehemu kubwa ya mapumziko yao ni ya kuchuchumaa, kupiga magoti, kukaa chini, na mikao hiyo huifanya misuli ya miguu ifanye kazi kidogokidogo, huku kiti kikiiacha ilale kabisa. Watafiti wale walikuwa wakichunguza moyo na damu, hawakuchunguza viuno, kwa hiyo sitaupakia utafiti wao mzigo usio wake. Ninachokichukua ni kwamba mwili wa binadamu haukuwahi kuwa wa kusimama kutwa. Dawati la kusimamia ni njia nyingine ya kukaa mahali pamoja, ila miguu ndiyo inayolalamika.

Turudi kwenye kiini.

Hadithi ile ilianzia mahali pazuri. Mwaka 1996 Paul Hodges na Carolyn Richardson wa Queensland, Australia, walichapisha utafiti wa watu 15 wenye maumivu ya mgongo wa chini na 15 wasio nayo. Waliwawekea nyaya nyembamba ndani ya misuli, wakawaambia wainue mkono haraka. Kwa wasioumwa, msuli wa ndani kabisa wa tumbo uliwaka kabla mkono haujasogea, kama vile mwili unajiandaa. Kwa wanaoumwa, msuli uleule ulichelewa.

Ni ugunduzi halisi. Lakini tazama kilichofuata, maana kila mwandishi wa programu anakijua. Umeona mstari kwenye logi unaosema kitu fulani kimechelewa, na mfumo umeanguka. Je, ucheleweshaji ndio ulioangusha mfumo, au mfumo ulikuwa tayari unaumwa na ucheleweshaji ni dalili yake? Watu hawakungoja jibu. Ndani ya miaka michache kila ukumbi wa mazoezi duniani ulikuwa unafundisha watu kunyonya kitovu ndani kuelekea uti wa mgongo, na mipira mikubwa ya plastiki ikauzwa kama njugu.

Kisha yakaja majaribio. Tathmini ya Cochrane ya mwaka 2016 iliyokusanya majaribio 29 ilikuta kwamba mazoezi maalumu ya kuirekebisha misuli hiyo ya ndani yanawasaidia wenye maumivu sugu, ila hayazidi sana mazoezi ya aina nyingine. Mwaka 2010 Eyal Lederman wa London alikuwa ameshaandika makala yenye ukali kwamba uthabiti wa kiini ni ngano. Hoja yake moja nimeikumbuka daima: tumbo la mjamzito huvutika kiasi kwamba misuli yake haiwezi kufanya kazi kama kawaida, na baada ya kujifungua inachukua majuma kurudi, lakini ulegevu huo hautabiri nani ataumwa mgongo.

Tathmini nyingine ya Cochrane, ya 2021, ilikuwa pana zaidi: majaribio 249 ya mazoezi kwa maumivu sugu ya mgongo wa chini. Ikilinganishwa na kutofanya chochote au matibabu ya kawaida, mazoezi yalishusha maumivu kwa wastani wa pointi kama 15 kwenye kipimo cha 0 hadi 100. Si muujiza. Asiyesema hivyo anakuuzia kitu. Lakini mtu aliyekuwa kwenye 50 akishuka hadi 35, huyo anaweza kukaa kwenye matatu kutoka Umoja hadi mjini bila kukunja uso, na hilo si dogo.

Kwa nini basi yanasaidia, kama si kwa kujenga nguzo? Sehemu kubwa ya jibu, kwa maoni yangu, iko kichwani, na simaanishi kwamba maumivu ni ya kubuni. Mtu aliyeumwa huanza kujilinda. Haokoti kalamu bila kupiga magoti, hambebi mtoto, anageuka mwili mzima kama mlango. Misuli inakakamaa kwa kujilinda, mwendo unapungua, woga unaongezeka. Mazoezi yanamwonyesha, siku baada ya siku, kwamba mgongo wake unaweza.

Woga huo mara nyingi unatiwa mbolea na picha. Siku hizi mtu mwenye bima ya ofisi akiumwa wiki mbili anataka apigwe picha ya MRI, na picha inarudi na maneno ya kutisha: diski imechakaa, diski imetokeza. Anaenda nyumbani akiwa mgonjwa kuliko alivyokuja. Sasa sikiliza. Mwaka 2015 Brinjikji na wenzake walikusanya picha za watu wasio na maumivu yoyote, zaidi ya 3,000. Kwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Kwa wenye miaka 80, asilimia 96. Diski kutokeza: asilimia 30 kwa vijana, 84 kwa wazee. Watu wasioumwa popote! Ni kama yale maonyo yanayojaa kwenye skrini kila unapojenga programu: yapo, ni ya kweli, na programu inakwenda. Mtu mpya kazini ndiye anayeyasoma yote kwa hofu.

Hapa lazima niseme la upande wa pili kabla mtu hajaumia kwa kunisoma. Yako maumivu ya mgongo ambayo si ya mazoezi, ni ya daktari, tena leo. Ukipata ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, ukishindwa kuzuia mkojo au choo au ukishindwa kabisa kukojoa, miguu ikilegea, hiyo ni dharura, usingoje kesho. Maumivu baada ya ajali au kuanguka. Maumivu yasiyobadilika hata ukilala, pamoja na homa, kupungua uzito au jasho la usiku. Katika nchi zetu kifua kikuu bado kipo, na kifua kikuu kinaingia kwenye pingili za mgongo. Aliyewahi kuwa na saratani naye asijitibu. Hawa ni wachache kati ya wengi, lakini hakuna ubao wala daraja la ubavu litakalowaponya.

Kwa sisi wengine, haya ndiyo ninayoyafanya. Nimeyachukua kwa Stuart McGill, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, ambaye alitumia miongo akipima migongo katika maabara. Ana mazoezi matatu aliyoyachagua kwa sababu yanaifanyisha misuli kazi bila kuibana sana mifupa. Hayahitaji ukumbi. Leso sakafuni inatosha.

La kwanza, lala chali, goti moja umelikunja na mguu mwingine umenyooka, viganja viwili chini ya kiuno ili kile kijipinde cha asili kisilale sakafuni. Inua kichwa na mabega kidogo tu, kama mtu anayesikiliza mlango, ushikilie sekunde 8 hadi 10 ukiendelea kupumua, kisha shusha. Si yale ya shuleni ya kukaa na kulala haraka haraka huku mwenzako amekukalia miguuni. La pili, lala ubavu ukiegemea kiwiko, inua nyonga mpaka mwili uwe mstari mmoja kutoka mabegani hadi magotini (miguu imekunjwa) au hadi kwenye nyayo kama una nguvu. Shikilia vilevile, geuza upande. La tatu ndilo ninalolipenda: piga magoti na uweke mikono chini kama mtoto anayetambaa, nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, nyonga zisiyumbe, shikilia, kisha badilisha. Ukitaka kujua kama nyonga zinayumba, weka kikombe cha plastiki chenye maji juu ya kiuno. Watoto nyumbani watakuja kutazama, na hawatakuonea huruma kikianguka.

Rudia mara sita kila moja, pumzika, mara nne, pumzika, mara mbili. Jumla ni dakika kumi na kitu. Maumivu yakishuka hadi mguuni au yakizidi siku ya pili, punguza, na kama yanaendelea kamwone mtaalamu wa fiziotherapia. Hospitali nyingi za rufaa za kaunti zinao, na ni msaada tusioutumia vya kutosha kwa sababu tumezoea kuomba sindano.

Nakumbusha nilichokwisha kusema: ukipendelea kuogelea, au kunengua, au kupalilia shamba, matokeo yanaweza kukaribiana. Zoezi bora ni lile utakalokuwa bado unalifanya mwezi wa sita. Mimi nimebaki na haya matatu kwa sababu ya uvivu: hayanitoi nyumbani.

Halafu kuna kutembea, na hapa Muthurwa inarudi, safari hii kwa wema. Mwaka 2024 The Lancet ilichapisha jaribio lililofanyika Australia likihusisha watu 701 waliokuwa wamepona hivi karibuni kutoka kwenye maumivu ya mgongo wa chini. Nusu walipewa mpango wa kutembea, wakiongezewa polepole kuelekea dakika 30 mara tano kwa wiki, na mafunzo kidogo ya kuelewa maumivu. Nusu hawakupewa. Katika kundi la watembeaji ilichukua siku 208, kwa thamani ya katikati, kabla maumivu hayajarudi. Kwa wengine siku 112. Hakuna kilichonunuliwa isipokuwa pengine viatu.

Mfanyakazi wa Eastlands tayari ana nusu ya mpango huo. Matatu inakushusha Muthurwa. Ukifuata Haile Selassie unaipita Stesheni ya Reli, unaipita bustani ya kumbukumbu ya bomu la Agosti 7, 1998, unavuka Uhuru Highway na kupanda mlima kuelekea Upper Hill ziliko ofisi nyingi siku hizi. Ni kama dakika 40 kwa mwendo wa mtu asiyekimbizwa. Vumbi lipo, moshi upo, na kwenye makutano shikilia simu yako. Lakini mara nyingi utafika kabla ya yule aliyepanda gari la pili, kwa maana huyo bado yuko kwenye foleni ya magari anatazama simu.

Kwa saa za ofisini nimeandika kiprogramu cha mistari kama ishirini, kazi ndogo ya cron kwa wanaotumia Linux, kinachofifisha kiwamba kila baada ya dakika 40. Sikukiwekea kitufe cha kuahirisha, kwa sababu najijua. Kikififia nainuka, nachota maji, nashuka ngazi na kupanda. Wenzangu wananicheka. Sawa.

Na waajiri? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini Desemba 2023. Linapendekeza mazoezi na elimu. Mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo kwa mashine, na dawa kali za kundi la afyuni, yote hayo linashauri yasitumike. Kwa hiyo ofisi inayotaka kutumia pesa kwa ajili ya migongo ya watu wake ingetumia kidogo kwenye viti na zaidi kwenye muda: mkutano wa saa nzima uwe wa dakika 45, mtu akisimama katikati ya mkutano asitazamwe kama anaasi.

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 ina kifungu cha 76 ambacho watu wachache wa ofisini wamekisoma. Kinamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi, vifaa na kazi zenyewe vinamfaa mfanyakazi, hata katika kumkinga na mkazo wa akili. Hapo sisi wa kompyuta tumo. Kifungu kilekile, mistari michache chini yake, kinamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi mzigo ambao kwa uzito wake unaelekea kumdhuru. Hapo hamali yumo. Mwandishi wa programu na hamali wa Muthurwa, ukurasa mmoja!

Ila neno linaloshika kifungu chote ni "mwajiri". Mimi ninaye. Barua yangu ya ajira ina jina lake na naweza kumwonyesha kifungu. Hamali wa Muthurwa anaajiriwa na gunia lililo mbele yake kwa dakika kumi, kisha na jingine. Mwenye viazi atasema hakumwajiri, mwenye lori atasema hakumwajiri, mwenye kibanda atasema alimlipa tu afikishe mzigo. Ndiyo maana zile kanuni za viazi za 2019 zina maana kwangu kuliko kifungu cha 76. Hazimtafuti mwajiri. Zinalipima gunia: kilo 50, basi. Ni kinga pekee ninayoijua ambayo inamfikia mtu yule bila kumuuliza karatasi, na lumbesa bado zinapita Landhies Road mchana kweupe.

Kaunti inatoza ushuru wa bidhaa zinazoingia masokoni, kwa hiyo tayari yuko mtu mlangoni anayehesabu magunia. Apewe mizani, na linalozidi kilo 50 lisishuke kwenye lori.